Ukisinzia na Biblia Mkononi, Soma Hapa

Juzi Jumatano nimetoka kumkabidhi mteja suti yake, simu ikalia. Ujumbe wa dada mmoja, jina simtaji, ananisoma tangu mwaka jana. Kaandika hivi: "Dada, wewe mwenzetu umesimama. Mimi nikifungua Biblia usiku nasoma mistari miwili nasinzia, naamka asubuhi iko kifuani. Kila Januari naanza na Mwanzo, nikifika Mambo ya Walawi naishia hapo. Nifanyeje?"

Nilicheka peke yangu mpaka binti ninayemfundisha ushonaji akageuka kuniangalia. Mambo ya Walawi! Wengi tumezikwa pale. Lakini kicheko kilipoisha, lile neno "umesimama" likabaki linanichoma. Laiti angeniona miaka michache nyuma.

Niseme jambo ambalo majirani zangu wa Nkuhungu wanalijua na wengine mnalisikia leo. Kuanzia Agosti 2021 hadi Oktoba 2022 sikukanyaga kanisani. Miezi 14. Mimi, mwanakwaya tangu sijaolewa, niliyebatizwa mtoto na kupata kipaimara hapa hapa Dodoma. Jumapili kengele ikilia, nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nisiisikie.

Kisa ni kitambaa. Kwaya yetu ilitaka sare mpya. Akina mama 29, gauni moja yadi 4, jumla yadi 116. Wakanunua majora manne ya yadi 30 kwenye maduka ya karibu na Soko la Majengo, wakaniletea kwa bajaji. Sikupima. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nalisema hadharani: fundi wa miaka 12 nilipokea majora manne bila kuyakunjua, kwa sababu walioleta ni watu wa Mungu na karatasi juu yake imeandikwa 30. Nikakata. Gauni la 27 lilipotoka mezani, mkononi nimebaki na yadi 2 na nusu.

Kikao kikakaa Jumamosi baada ya mazoezi. Nikaeleza, na gauni zote nimezileta zikahesabiwe. Mama mmoja, mtu mzima, mwenye cheo chake kwenye kwaya, hakupaza hata sauti. Alisema tu, "Mafundi tunawajua."

Watu wakacheka.

Tuhuma ningeivumilia, maana fundi gani hajawahi kuambiwa kaficha kipande. Kilichoniua ni kile kicheko. Waliocheka ni watu tuliolala pamoja misibani, watu niliowashonea watoto wao sare za shule wakanilipa muhula unaofuata. Nilikunja zile gauni moja moja, hakuna aliyeinuka kunisaidia. Baadaye nikatoa shilingi 48,000 zangu, nikanunua yadi 6 kwa 8,000 kila yadi, nikamaliza gauni mbili zilizobaki. Nilidhani nanunua amani. Kumbe nimejitia kitanzi: "Kama hajaiba, amelipa ya nini?"

Basi nikaondoka. Mwinjilisti alikuja nyumbani mara moja, akanywa chai, akaomba, akaenda. Wengine sikuwaona.

Katika ile miezi sikuacha kumtafuta Mungu, niwe mkweli. Nilimtafuta vibaya. Mkesha huu, mkutano ule. Nilifunga siku tatu kavu nikiomba waliocheka waaibike mbele za watu kama nilivyoaibika mimi. Mahali fulani nikauziwa chupa ya mafuta ya upako, bei naona aibu kuitaja. Kufika nyumbani nafungua, nanusa alizeti. Sisi wa kanda hii alizeti tunaijua harufu yake, hatudanganyiki. Na kila mkesha ulikuwa na mwisho ule ule: Jumamosi alfajiri natoka ninawaka moto, Jumatatu saa nne asubuhi nimeshamfokea mteja kwa sababu ya zipu.

Juni 2022 mume wangu akaniambia niende Mvumi kumsaidia mama yake, uwele umekauka shambani na mikono ni michache. Nilikwenda shingo upande. Mvumi ni mji wa misheni tangu enzi za Wajerumani, na mama mkwe wangu ni mtoto wa misheni hasa, kengele ya kanisa ndiyo saa yake. Nilijua atanihubiria.

Hakunihubiria. Hakuniuliza hata neno.

Nilichokiona ni hiki. Herufi anazijua, ila macho yamechoka. Kila asubuhi, kabla jua halijakolea, mjukuu wake wa darasa la tano anakaa kwenye kigoda na Biblia ya Chigogo, anamsomea mstari mmoja. Mmoja tu. Mtoto anafunga kitabu, anakimbilia shule. Bibi anachukua ungo. Anapepeta uwele, na ule mstari anauimba chini chini kwa mwendo wa ungo, nusu uwele ukirushwa juu, nusu ukitua. Ukimuuliza chumvi iko wapi anakuelekeza kwa kidevu, mdomo una kazi. Jioni tukiwa kwenye mlenda na ugali, mstari ni ule ule.

Siku ya tatu mtoto akasoma Zaburi 37:8, bibi akanitafsiria kwa Kiswahili kwa faida yangu: ukomeshe hasira, uache ghadhabu. Uso ukanipanda moto. Nikamwambia, "Mama, huu mmenichagulia."

"Mkwe wangu," akasema, "jana ulikuwa wa 7, kesho ni wa 9. Sisi tunafuata foleni tu."

Nikamuuliza, mbona mmoja, huoni ni kidogo? Akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Akanisogezea ungo wake, ukiwa na konzi mbili za uwele. "Nikiujaza huu, nitaupepeta?"

Nilirudi mjini na debe la uwele, mlenda mkavu kwenye mfuko, na hiyo foleni kichwani. Sasa mimi sina mjukuu wa kunisomea, na usiku nasinzia kama wewe, dada. Asubuhi moja kabla sijafungua kibanda nikachukua chaki ya kupimia nguo, ile bapa ya pembe tatu, nikauandika mstari juu ya meza ya cherehani, upande wa kushoto, pale kitambaa kinapolala. Nikaanza kushona. Kila nikinyanyua mguu kwenye pedeli, macho yanaangukia pale. Kufikia saa kumi jioni nguo zimeshaufuta wote.

Hapo pa kufutika ndipo ninapopapenda. Somo la mana, kile chakula Mungu alichowashushia Waisraeli jangwani, katika Kutoka 16 nimelisikia tangu shule ya Jumapili, kwamba waliojiwekea hadi kesho yake iliingia mabuu ikanuka, lakini sikuwahi kulielewa mpaka nilipoona meza yangu imekuwa nyeusi tena na kesho yake hakuna njia, ni kuokota upya.

Ila jihadharini na nguo nyeusi. Mteja mmoja, mtumishi wa serikali, anafanya kazi kule Mtumba, alinirudia na suruali yake: "Fundi, huku nyuma umeniandikia nini?" Naangalia, naona herufi za chaki zimegeuka kama kwenye kioo, pale pale pa kukalia. Ilikuwa zamu ya "hasira" tena. Nikaipangusa kwa brashi, nikamweleza kwa haya. Akacheka sana, akaniomba nimwandikie na bosi wake.

Miezi minne iliyofuata haina la kusimulia. Nilishona, niliandika, ulifutika. Jumapili moja ya Oktoba nikajikuta nimeshavaa, watoto wananiuliza tunakwenda wapi. Tukakaa benchi la nyuma. Mwinjilisti akaniletea kitabu cha nyimbo kana kwamba nilikuwepo wiki iliyopita. Yule mama aliniona, akatikisa kichwa kidogo cha salamu, basi. Msamaha hajaniomba mpaka leo naandika. Nimemsamehe. (Nikimwona soko la Sabasaba navuka barabara, lakini nimemsamehe. Bwana bado ananishughulikia.)

Sasa dada yangu, na nyote mnaotamani kukua, maana najua hakuna anayesoma hapa asiyetamani siku moja Mungu amtumie mbele za watu: anza kidogo. Acha kuanza na Mwanzo kila Januari kwa mbio za kumaliza Biblia. Biblia yetu ina sura 1,189. Kuimaliza kwa mwaka ni zaidi ya sura tatu kila siku, na wewe una watoto, una biashara, una foleni ya maji. Anza na Mithali, ina sura 31, tarehe ya leo ndiyo sura ya leo, hata ukiruka siku hupotei, unaangalia kalenda. Ukizoea, nenda Agano Jipya. Lina sura 260. Sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 52, umemaliza, na Jumamosi umefua nguo zako. Mimi hesabu hiyo nimeimaliza mwaka 2024. Sikumwambia mtu wakati ule, ila leo nasema ili mjue inawezekana kwa mtu aliyeishia darasa la saba.

Na usisome usiku kama usiku unakushinda! Nani alisema ni lazima usiku? Soma asubuhi, andika ule mmoja uliokugusa, uweke pale mikono yako inapofanyia kazi. Muuza nyanya, andika kwenye boksi. Mwalimu, una ubao mzima. Bodaboda, weka kwenye tangi. Kidogo, kila siku. Nimesema? Narudia: kidogo, kila siku. Ukiruka siku usilipize mitano kwa mpigo, hilo ni deni la kujitungia. Ungo ukijaa haupepeti.

Wengine mtaniambia hamna mahali pa utulivu. Mathayo 6:6 Bwana anasema uingie chumba chako cha ndani ufunge mlango. Sisi tuliopanga vyumba viwili na watoto wanne, chumba cha ndani kiko wapi? Changu ni kibanda cha cherehani, mlango mmoja umefunguliwa, wa pili bado, dakika 10. Mungu haulizi ramani ya nyumba. Lakini ndugu zangu, dakika 10 za simu kila asubuhi tunazipata! Umbea wa kwenye makundi tunausoma wote mpaka chini kabisa, hatusinzii. Hapo mimi huwa nakasirika, nikianza na nafsi yangu. Tunakesha kwenye maombi ya usiku kucha kisha wiki nzima Biblia ina vumbi la Dodoma, mnalijua lilivyo. Mikesha siipingi, nimelia huko na Mungu alinisikia. Nasema tu kwamba mkesha ulinitoa machozi, chaki ikanirudisha kanisani.

Na kama umeumizwa na watu wa kanisani, usisubiri wakuombe msamaha ndipo urudi. Wengi hawatakuomba. Wengine hawakumbuki hata walichosema.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapa jana asubuhi, nataka kumalizia kwa sala, nikasikia bajaji inasimama nje. Ni kwaya. Wanataka sare za Pasaka, na safari hii wameongezeka, wako 31. Wameleta majora manne na yadi 4 za kukatwa. Aliyetumwa kuleta ni yule yule mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zipo zote, mwanangu, angalia."

"Kaa hapo mama, tunapima wote," nikasema. Nilimvutia kiti. Sauti yangu haikutetemeka, nilijisikiliza nione. Nikatandika jora la kwanza juu ya meza, kitambaa cha zambarau kikaufuta mstari wa siku ile, na sasa siukumbuki hata ulikuwa upi. Nikapima kwa futi, yeye anahesabu kwa sauti, binti anaandika kwenye daftari. La kwanza 30. La pili 30. La tatu tukafika 27 na nusu, kitambaa kikaisha mkononi.

Alinyamaza. Akainuka, akaniomba futi apime mwenyewe.

Nikampa.