Usiulize kama kitarudi, uliza kimekuwa nini

Juzi binti yangu wa darasa la sita aliniletea daftari akiwa na machozi. Alikuwa ameandika kuwa kusaga mahindi ni badiliko la kikemikali, akakosa. "Lakini baba, unga si haurudi kuwa punje?"

Kanuni yake naijua, maana nami niliikariri: kinachorudi ni badiliko la kiumbo, kisichorudi ni la kikemikali. Mzazi mwenzangu, ukimsaidia mtoto, iache kanuni hiyo. Muulize swali moja tu: kimepatikana kitu kipya? Unga ni mahindi yaleyale, yamevunjwavunjwa; hakuna kipya, basi badiliko ni la kiumbo.

Mimi chokaa ndiyo iliyonifumbua macho. Mjomba wangu alikuwa akichoma chokaa ya matumbawe huko Tanga. Moto ukishakufa tulisaidia kubeba mawe, na yalikuwa mepesi ajabu. Wepesi ule ndio ushahidi kuwa yamekuwa kitu kipya. Kilo 100 za mawe safi ya aina hiyo, yakiungua sawasawa, hubaki kilo 56; kilo 44 huondoka kama gesi ya kabonidayoksaidi. Mjomba akiyamwagia maji, yalichemka na kupasuka bila moto (watoto tulizuiwa kusogea, kwani chokaa hiyo huunguza macho vibaya). Halafu ikipakwa ukutani, polepole huvuta kabonidayoksaidi kutoka hewani na kuwa kalisi kaboneti tena, kilekile kilichokuwa kwenye matumbawe. Basi imerudi ilikotoka, na kila hatua ya safari hiyo ni badiliko la kikemikali.

Mapovu nayo yasiwababaishe. Maji yakichemka, mapovu ni mvuke wa maji hayohayo. Magadi yakikamuliwa ndimu, mapovu ni gesi ambayo haikuwapo.

Usiku ule tuliwasha mshumaa. Nta iliyochuruzika na kuganda mezani tuliikwangua: nta bado, badiliko la kiumbo. Kisha nikamwambia ashike glasi baridi, kavu, juu kidogo ya mwali. Ikaingia ukungu kwa ndani. Akaupitisha kidole, kikalowa.

"Baba, maji haya yametoka wapi? Mshumaa hauna maji."

Nikamweleza kuwa haidrojeni iliyokuwa ndani ya nta imeungana na oksijeni ya hewani. Akaichukua kalamu mwenyewe, akaandika: mshumaa unaowaka, mabadiliko yote mawili kwa pamoja.