Pengo, shimo au mwanya?

Swali: Ninaandika makala kuhusu diodi oganiki zinazotoa mwanga, zile zinazotumika kwenye vioo vya simu na televisheni. Elektroni ikitoka kwenye molekuli, nafasi inayobaki nimeiita "shimo", na umbali kati ya ngazi mbili za nishati nimeuita "pengo". Rafiki aliyeisoma hakuelewa shimo linatembeaje. Pia, niandike "kiwango cha nishati" au "ngazi ya nishati"?

Jibu: Rafiki yako ana haki. Shimo huchimbwa, lina kina, na mtu hutumbukia humo. Halihami. Wewe unazungumzia mahali palipoondokewa na kitu, na neno lake tunalo: pengo. Mtoto aking'oka jino ana pengo, na mtu akifariki huacha pengo. Tena pengo huzibwa, na hapo ndipo neno linapofanya kazi nzuri kuliko shimo: elektroni ya molekuli jirani huruka ikaliziba, na kule ilikotoka pakabaki pengo jipya. Elektroni zikizidi kuruka kuelekea anodi (ncha chanya ya diodi), pengo linaonekana likielekea kathodi (ncha hasi). Msomaji analiona linasogea bila kuelezwa zaidi.

Basi ule umbali kati ya ngazi mbili tuuiteje? Turudi mdomoni. Meno ya mbele yakiachana kwa maumbile hatusemi mtu ana pengo, tunasema ana mwanya. Hakuna kilichong'oka, hapakuwahi kuwa na jino. Ndivyo ilivyo kati ya ngazi ya juu kabisa yenye elektroni na ngazi ya chini kabisa iliyo tupu: katikati yake elektroni haina pa kukaa. Andika "mwanya wa nishati". Mwanya mpana huelekeza mwanga kwenye buluu, mwembamba kwenye nyekundu. Kuyatumia maneno haya mawili kama kitu kimoja ni kuipoteza tofauti ambayo Kiswahili kimetupa bure.

Ukiandika "kiwango cha nishati kimeshuka", wengi wataelewa kwamba nishati imepungua, kama maji kwenye tangi. Ngazi hukanyagwa moja baada ya nyingine, na elektroni haisimami kati ya mbili. Chagua ngazi.

Neno jingine utakalolihitaji ni kizingiti. Ngazi ya nishati ya anodi ya oksidi ya indiamu na bati iko takriban elektroni-volti 4.7 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati), ilhali ngazi inayopokea mapengo katika tabaka la oganiki mara nyingi huwa zaidi ya 5. Usiiite tofauti hiyo kizuizi, kwa kuwa kizuizi hufunga njia. Kizingiti huvukwa, ila kikiwa kirefu wanaovuka ni wachache, na volti lazima iongezwe. Ndiyo maana watengenezaji huweka katikati tabaka jembamba lenye ngazi ya kati, mapengo yavuke kwa hatua mbili fupi.

Yapime maneno haya kwa diodi ambayo Ching Tang na Steven Van Slyke, watafiti wa kampuni ya Kodak, waliieleza mwaka 1987: mapengo yaliingia kutoka anodi yakapita tabaka la kwanza, elektroni zikatoka kwenye kathodi ya magnesiamu na fedha zikapita tabaka la pili, vikakutana karibu na mpaka wa matabaka hayo, elektroni zikaziba mapengo, na mwanga wa kijani ukatoka.