Ukitaka Kuwachezea Wakubwa Shere

Vijana wanaotaka kuingia kwenye sanaa ya kejeli hapa Kampala huniletea wazo lile lile kila mara: tumtishe mama muuza nyanya, tumfiche mtu wa boda pikipiki yake, tuchukue video, turushe TikTok. Huwa siwazungushi. Huo ni uonevu wenye kamera. Yule mama ana mtaji wa siku moja. Akitimua mbio beseni likamwagika, jioni watoto wanakula nini? Video itapata watazamaji, na yeye atabaki kuokota nyanya zilizopondeka.

Kwa hiyo kabla sijauliza wazo linachekesha kiasi gani, nauliza gharama yake itatoka mfukoni mwa nani.

Chukua ile ya nguruwe. Mwezi Juni 2014 vijana wawili wa kikundi kilichojiita Jobless Brotherhood waliwapenyeza watoto wawili wa nguruwe ndani ya Bunge letu, wamepakwa rangi ya njano. Hakuna Mganda aliyehitaji tafsiri: njano ni ya NRM, chama tawala, nguruwe ni mlafi, na waliowaleta hawakuwa na ajira. Wakenya walikuwa wametangulia mwaka mmoja, Mei 2013, walipowaachilia nguruwe nje ya Bunge la Nairobi kwa sababu ya wabunge waliotaka mishahara minono. Mimi tendo lile nalipenda hadi leo, ila nina kinyongo nalo kidogo. Vijana walikamatwa, sawa, walijua wanachokitafuta. Lakini baadhi ya askari wa ulinzi nao walisimamishwa kazi, na askari wa getini hajawahi kujipandishia mshahara. (Nguruwe nao hawakuombwa maoni.)

Ninayoisifu bila kinyongo ni ya Aprili 2023. Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni ambaye pia ni mwalimu wa chuo kikuu, aliwaita watu mtandaoni walete picha za mashimo ya barabarani kwenye "maonyesho". Basi. Picha zikamiminika, kila mtu akilinadi shimo la mtaa wake kama msanii anayenadi kazi yake. Hazikupita siku nyingi, Rais akaagiza KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, ipewe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo. Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakahamishia maonyesho kwenye matumizi ya Bunge. Hapakuwa na uongo hata mmoja. Shimo lilikuwa shimo kweli, kilichobadilika ni heshima liliyopewa. Ukiweza kufanya kejeli yako hivyo, usitunge chochote.

Sisi wa mtaa wa Namuwongo, hapa Kampala, tulifanya uzinduzi wa shimo. Tulikodi viti vya plastiki, hema na kipaza sauti, tukafunga utepe mwekundu kwenye vigingi viwili juu ya dimbwi. Mwenzetu alivaa suti akawa meneja wa mradi, akasoma ripoti: urefu, upana, kina, na springi za taksi zilizokatikia humo. Vipimo vilikuwa vya kweli, tulivichukua kwa futi ya fundi seremala. Kijana wa boda akajipa kazi ya ushereheshaji bila kuombwa. Mara akatokea mzee mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, koti mwilini kwenye jua kali, akaketi mstari wa mbele.

"Wanangu, mbona sikupata barua? Mgeni rasmi anafika saa ngapi?"

Simu zote zilimgeukia. Wenzangu wakanikonyeza nimwache aendelee, maana hapo kichekesho kilishajileta chenyewe. Nikamwinamia sikioni. "Mzee, tuwie radhi. Mgeni hakuna. Tunazindua shimo."

Akalitazama. Akanitazama. "Hili shimo nimeliandikia barua mpaka nimechoka. Lete makasi."

Akakata utepe, akashika kipaza sauti, akatoa hotuba kali kuliko zetu zote. Angeumbuka mbele ya wajukuu zake, tungekuwa tumemwadhibu mtu pekee aliyewahi kulilalamikia rasmi.

Kuna wakati msanii hudanganya makusudi ili ukweli utoke. Tarehe 3 Desemba 2004, miaka 20 baada ya gesi ya sumu kuua maelfu ya watu Bhopal, India, mmoja wa Yes Men, kikundi cha wanaharakati wa kejeli, alijifanya msemaji wa Dow, kampuni iliyoinunua ile yenye kiwanda kilichovujisha gesi, kwenye BBC, akatangaza fidia ya dola bilioni 12. Kampuni ilipokanusha, dunia nzima ikasikia tena kuwa haitalipa. Mbinu kali hiyo. Lakini Bhopal kuna watu waliolia kwa furaha kabla ya kuambiwa kuwa ni uzushi. Mimi nisingeweza. Na hapa kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu WhatsApp hukata mkia: uongo unafika kijijini, kanusho linabaki Kampala. Usitengeneze waraka wa wizara wenye mhuri. Ugonjwa usiuguse kabisa. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, mzaha mmoja kuhusu dawa ungeweza kumzuia mtu kwenda hospitali.

Wala usidhani kwamba kila anayewakejeli wakubwa yuko upande wetu. Mwishoni mwa 1973 Idi Amin alianzisha mfuko wa kuiokoa Uingereza iliyokuwa na hali mbaya ya uchumi, na Januari 1974 akawaandikia Waingereza watume ndege ichukue lori la mboga kutoka Kigezi kabla hazijaoza. Ukisoma unacheka, hata mimi nilicheka. Aliyeandika alikuwa ameshawafukuza Waasia, na raia wake walikuwa wakipotezwa.

Sasa ya polisi. Julai 2020 wachekeshaji wanne wa kikundi cha Bizonto walikamatwa kwa kipande cha video kilichoomba watu wawaombee viongozi, wakitaja majina na vyeo tu. Oktoba 2022 sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ikaongezwa makali. Kwa hiyo namba ya wakili ikae kichwani, maana simu ndiyo huchukuliwa kwanza. Mmoja wenu asionekane kwenye video yoyote, awe ndiye wa kupiga simu nyumbani. Viti vya kukodi mlipie mapema na risiti mtunze. Polisi wakiondoka navyo kama ushahidi, mwenye viti atakuja kudai kwenu.