Ajrakh ya Kutch: kosa haliko kwenye nili

Msomaji mmoja amenitumia picha za ajrakh, vitambaa vya pamba vya Kihindi vinavyochapwa kwa vibao vya mbao, alizochapa mwenyewe. Sehemu nyeupe zimekuwa waridi, nyeusi imeanza kutoboka, na nyekundu ina rangi ya tofali. Anauliza anunue nili, yaani rangi ya buluu, ya aina gani ili kazi ipendeze. Nili haihusiki hata kidogo na shida zake. Buluu yake, kwa kweli, ndiyo rangi pekee iliyotoka vizuri.

Swali hili linarudi mara nyingi, na linatoka kwa watu wanaoijua batiki vizuri. Kwenye batiki unachovya kitambaa rangini, na rangi unayoiona ndiyo utakayoipata. Ajrakh ya akina Khatri, jamii ya mafundi wachapaji wa Kutch, kule Gujarat, India, haifanyiki hivyo. Unachochapa kwa kibao ni dawa, na nyingine haina rangi kabisa. Chuma kitaleta nyeusi, shabu italeta nyekundu, chokaa na gundi zitalinda nyeupe. Nili peke yake ndiyo inayoshika kitambaa bila kusaidiwa. Kwa hiyo ukitaka kujua nyekundu itakuwaje, iangalie shabu uliyochapa na maji uliyosuuzia.

Tuanze na maji, maana hapo ndipo wengi wanapodharau. Baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2001, mafundi wengi wa kijiji cha Dhamadka walihamia mahali papya karibu na Bhuj wakapaita Ajrakhpur. Sababu kubwa ilikuwa maji: ya Dhamadka yalipungua, na chuma kikazidi ndani yake. Watu waliacha kijiji kwa sababu ya maji, na wewe hujapima hata yale ya kisima chako. Kipimo ni rahisi. Chemsha chai ya rangi nzito bila maziwa wala sukari, imimine kwenye glasi nyeupe, kisha ongeza maji yako nusu kwa nusu. Ikigeuka kijivu au zambarau iliyokolea, maji yana chuma, na hakuna nyekundu safi utakayoipata hapo. Tumia maji ya mvua.

Halafu kitambaa. Chukua pamba tupu, marekani isiyong'arishwa ni nzuri sana, na uitoe dondo yote. Kwa kilo 1 ya kitambaa kikavu, chemsha saa 2 na magadi ya kufulia gramu 30 na sabuni kidogo. Maji yatatoka ya kahawia kama chai. Rudia mpaka yatoke meupe. Kisha dondosha tone la maji juu ya kitambaa kikavu. Likikaa juu hata kwa sekunde chache, bado hujamaliza. Akina Khatri hawaishii hapo. Wana hatua wanayoiita saaj: kitambaa hulowekwa kwenye mchanganyiko wa mavi ya ngamia, magadi na mafuta ya mbarika, kikalazwa usiku, kikaanikwa juani mpaka kikaribie kukauka, kisha kikarudishwa tena. Hurudia mara kadhaa. Wanajua kimekubali pale wanapokisugua kwa vidole na kikatoa povu. Usiiruke saaj kwa kuwa inanuka. Mafuta na magadi ndiyo yanayoifanya nyekundu ikolee baadaye.

Baada ya kufua huja harda, tunda kavu la mti wa jamii moja na mkungu wetu wa pwani. Saga, pima gramu 200 kwa kilo ya kitambaa, koroga kwenye maji ya uvuguvugu yanayotosha kukifunika, loweka saa moja, kamua, anika juani. Usisuuze. Kikikauka kitakuwa na umanjano mwepesi. Kung'ute unga uliobaki juu. Kuanzia hapa kitambaa kina tanini, dawa ya asili iliyomo ndani ya harda, na kinaogopa chuma. Waya wa kuanikia wenye kutu utaacha mstari mweusi ambao hautoki, na msumari wa meza utaacha nukta. Nimeona watu wakilaumu kibao kwa madoa yaliyotoka kwenye ndoo ya bati.

Vibao vyenyewe ni vya msaji, na wachongaji wa Pethapur, pia huko Gujarat, wanajulikana kwa kazi hiyo. Kizuri kina vitundu vinavyopitisha hewa ili dawa isijae mapovu, na kilizamishwa mafutani kabla ya kutumika. Meza itandikwe magunia na vitambaa kadhaa, iwe na unyumbufu kidogo. Piga kwa kisigino cha kiganja, pigo moja, inua wima. Ukikitikisa, mstari unakuwa miwili.

Chapa ya kwanza ni nyeupe: chokaa iliyochujwa vizuri na gundi ya mgunga iliyolowekwa usiku kucha, nzito kama mtindi. Ajrakh kamili huchapwa pande zote mbili, michoro ikilingana kabisa, na hapo ndipo utamjua fundi.

Nyeusi ndiyo inayoharibu vitambaa. Chukua pipa, lijaze nusu vyuma chakavu vilivyochomwa na kusuguliwa, weka sukari guru kilo 1 kwa kila lita 10 za maji, funika kwa kitambaa, acha karibu siku 20. Kwenye joto kali linawahi. Litatoka povu, kisha utando, kisha harufu kali ya siki. Jaribu kwa tone moja juu ya kitambaa chenye harda: likigeuka jeusi hapo hapo, dawa imeiva. Chuja, pika na unga wa mbegu za ukwaju mpaka iwe uji unaonata kidogo, acha ipoe. Sasa sikiliza: nyeusi inatokana na chuma kukutana na tanini ya harda, na tanini iliyomo kitambaani ina kipimo chake. Chuma kinachozidi hakiongezi weusi. Kinabaki kwenye nyuzi pamoja na asidi na kuzila polepole, na baada ya miezi kitambaa kinatoboka palepale penye ua jeusi. Kwa hiyo chapa kwa dawa nyepesi, na usikiweke kitambaa kabatini kwa wiki kadhaa bila kukisuuza. Ndugu yangu aliyenitumia picha alipaka nyeusi mara mbili ili ikolee. Hiyo ndiyo sababu.

Nyekundu huchapwa kwa shabu, gramu 60 kwa lita, ikiwa na gundi na udongo laini wa mfinyanzi uliochekechwa. Udongo una kazi yake: unaizuia nili isiingie mahali pa nyekundu. Kabla haijakauka nyunyiza vumbi la mbao au samadi kavu iliyosagwa ili isichafue upande mwingine, kisha acha siku kadhaa. Haraka hapa ni hasara, kwa sababu shabu inahitaji muda kukamatana na uzi.

Kwa pipa la nili la lita 20, pima nili gramu 100, chokaa gramu 200 na sukari ya matunda gramu 300. Yaani 1, 2, 3. Changanya kwenye maji ya moto, koroga taratibu, subiri. Likiwa tayari, maji ya chini yanakuwa ya manjano ya kahawia na juu kuna utando wa shaba. Mafundi wa zamani huchachusha kwa mbegu za mmea wa jamii ya kunde, na huchukua siku nyingi zaidi. Kwa kitambaa chenye kinga, yaani ile chapa ya chokaa na gundi, liache pipa lipoe kabisa, kwani joto linayeyusha gundi na chokaa inadondoka. Kisiguse tope la chini. Dakika moja au mbili, toa, kitatoka kijani na kugeuka buluu mbele ya macho yako. Kaniki za zamani zilizokuja pwani yetu kutoka India zilipata rangi yake kwa nili, ila zile hazikuwa na kinga ya kulinda.

Kusuuza ndiko kunakozaa nyeupe iliyogeuka waridi. Dawa inayotoka ikibaki ndani ya beseni, shabu iliyolegea inahamia mahali peupe, na ukifika kwenye sufuria ya nyekundu, mahali hapo panapata rangi. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwenye maji yanayotembea, kitambaa kikiwa kimetandazwa, hakijakunjwa. Kama huna mto, tumia maji mengi yenye chaki ya unga gramu 5 kwa lita au pumba za ngano, na umwage kila mara.

Mwisho huja manjit, mizizi ya rangi nyekundu, nusu ya uzito wa kitambaa au sawa nao. Anza na maji baridi, panda polepole mpaka nyuzi 70, kaa hapo saa moja. Ukipita 80, kahawia inatoka kwenye mizizi, na hiyo ndiyo tofali ya msomaji wetu. Karakana nyingi za Kutch siku hizi hutumia alizarini, rangi nyekundu ya kiwandani, ambayo huvumilia kuchemka, wakiongeza maua ya kichaka kiitwacho dhawadi ili rangi isiwe na mabaka. Si dhambi, ila mwambie mnunuzi ukweli.

Kitambaa kikikauka, kifue kwa sabuni ya kipande isiyo na dawa ya kung'arisha. Maji yakiendelea kuwa ya buluu hata baada ya kufua mara ya tatu, nili imekaa juu ya uzi tu. Mara nyingi inatokana na kuchovya mara moja kwenye pipa zito badala ya mara nne kwenye pipa jepesi, ukikiacha kipate hewa kila unapokitoa.