Kuombea marehemu: nimjibuje mlokole, na nimjibuje Msabato?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Kila tarehe 21 Mei familia yetu huweka nia ya Misa kwa ajili ya babu, aliyezama na MV Bukoba mwaka 1996. Jirani yangu wa meza ni mlokole, anasema tunatupa hela kwa sababu toharani, yaani hali ya roho kutakaswa baada ya kifo kabla ya kuingia mbinguni, haimo kwenye Biblia. Wa upande wa pili ni Msabato, anasema babu amelala na hajui lolote. Nikiwasomea kitabu cha Wamakabayo kilichomo katika Biblia yetu, wanasema kitabu hicho hawakitambui. Niwajibu nini? Na je, naweza kuwaalika kwenye Misa?

Jibu: Milele, amina. Babu yako apumzike kwa amani.

Kwanza, usiwajibu wote wawili kwa pamoja, maana hawabishani nawe juu ya jambo moja. Mlokole anakubali kwamba roho ya babu iko hai mbele za Mungu. Anachokataa ni kwamba sala yako yaweza kumfaa. Msabato anakataa hatua ya kabla ya hiyo: kwake, hadi ufufuo hakuna mtu wa kuombewa. Ukimtajia toharani mtazunguka hadi soko lifungwe.

Msabato atakusomea Mhubiri 9:5, kwamba wafu hawajui neno lolote. Mwombe amalizie mstari: unasema pia kwamba hawana ijara tena. Yeye mwenyewe anaamini wenye haki watapewa thawabu siku ya ufufuo, kwa hiyo hata yeye hauchukui mstari huo kuwa neno la mwisho. Mhubiri anasema yanayoonekana chini ya jua. Yule mwizi wa Luka 23:43, aliyeambiwa na Yesu kwamba leo atakuwa pamoja naye peponi, muache kwanza. Wasabato wana jibu lao juu ya mahali pa kuweka mkato, na mtaishia kugombania alama za uandishi. Nenda Wafilipi 1:23, ambapo Paulo anatamani kwenda zake akae na Kristo, na aone hilo ni bora kuliko kubaki. Kulala bila kujua lolote kungekuwaje bora kuliko kumtumikia Kristo ukiwa macho? Kisha Ufunuo 6:9-10, roho za waliouawa zinamlilia Mungu. Atasema ni mafumbo. Ni kweli, kitabu kizima kimejaa mafumbo, ndiyo maana Wafilipi inatangulia.

Kwa mlokole, anza kwa kueleza Kanisa linafundisha nini hasa, kwa sababu mara nyingi anapinga jambo ambalo hata sisi hatuliamini. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563, ulifundisha mambo mawili tu: toharani ipo, na roho zilizomo husaidiwa na sala za waamini, hasa kwa sadaka ya altare, yaani Misa. Basi. Haukutaja kipimo cha moto wala idadi ya miaka, na uliwaagiza maaskofu wasiwahubirie watu wa kawaida maswali magumu yasiyojenga. Habari za "babu bado ana miaka kadhaa huko", zinazosikika hata kwenye jumuiya zetu, si mafundisho ya imani. Toharani pia si nafasi ya pili ya kutubu. Waebrania 9:27, mtu hufa mara moja na baada ya kufa hukumu, ni andiko letu pia. Aliye toharani amekwisha kuhukumiwa, na wokovu wake ni wa hakika, anatakaswa tu.

Ndipo umfungulie 1 Wakorintho 3:15: mtu anapata hasara, ila yeye mwenyewe ataokolewa, "lakini ni kama kwa moto". Atakuambia Paulo anazungumzia kazi ya wahubiri siku ya hukumu. Mkubalie, ni sahihi. Usidai kwamba mstari huu peke yake unathibitisha toharani. Unachodai ni kidogo lakini hakivunjiki: yupo mtu anayeokolewa huku akipata hasara na kupitia moto. Ongeza Ufunuo 21:27, kilicho kinyonge, yaani najisi, hakiingii mjini mwa Mungu, halafu umuulize: ukifa leo na kinyongo chako na wivu wako wa biashara, vinaondokaje? Wengi hujibu kwamba Kristo atavisafisha mara moja. Hapo mmekaribiana kuliko anavyodhani. Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2007 kwamba wapo wanateolojia wanaouona moto huo kuwa ni Kristo mwenyewe, na kwamba muda wake haupimwi kwa saa zetu.

Wamakabayo waje mwisho. Kumletea kwanza mtu mwenye Biblia ya vitabu 66, bila vile saba tulivyo navyo sisi, Wamakabayo vikiwemo, ni kuita shahidi ambaye mahakama haijamkubali. Usiseme "Luther alivitoa vitabu saba": Biblia yake ya 1534 ilivichapa, ila alivitenga, na ile ya Kiingereza ya King James ya 1611 ilikuwa navyo. Hata Mtakatifu Jeromu wetu, mtafsiri wa Biblia wa kale, alikuwa na mashaka navyo. Sisi tunashika orodha ya sinodi za Hippo (393) na Karthago (397), iliyothibitishwa Trento mwaka 1546. Mwambie hivi: hata usipokiita Neno la Mungu, 2 Wamakabayo 12 inaonyesha Wayahudi waliombea wafu kabla ya Bwana kuzaliwa. Jiandae, mjuzi atakuuliza: askari wale waliouawa vitani na kuombewa humo, si walikutwa na hirizi za sanamu? Ndiyo. Kiongozi wao, Yuda Mmakabayo, alituma fedha Yerusalemu kwa sadaka ya dhambi, akiwatumainia rehema. Hakutangaza kwamba wako salama, wala sisi hatujui moyo wa mtu dakika ya mwisho, iwe vitani au majini.

Juu ya hela, usijitetee kupita kiasi. Biashara ya rehema, yaani kuuza msamaha wa adhabu za dhambi, ilikuwepo, Luther aliilalamikia mwaka 1517, na Trento yenyewe ikaamuru mapato hayo mabaya yakomeshwe. Leo Sheria ya Kanisa, kanuni 945 hadi 947, inakataza hata kinachofanana na biashara, na inawahimiza mapadre kuombea nia za maskini hata wasipotoa kitu. Unachoacha ofisi ya parokia ni sadaka. Hakinunui Misa, na asiyenacho aseme tu.

Waalike. Ila waambie mapema, si pale kanisani, kwamba kukomunika ni kwa Wakatoliki walio katika hali ya neema, na wao watabaki kwenye benchi bila mtu kuwashangaa. Wasilazimishwe kupiga magoti wala kuitikia sala ya marehemu. Na ikiwa tarehe 21 itaangukia Jumamosi, Msabato atakuwa ibadani kwake. Mwalike kwenye chakula cha jioni, baada ya jua kuzama.