Kitabu Kimoja Nshakisoma Mara Nne, Je Ni Kawaida?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi nakaa Likoni, nina miaka 36. Nikiwa fomu tuu nilinunua Dune ya mtumba, ile riwaya ya Frank Herbert ya sayari ya jangwa, kava limechanika na kurasa za mwisho zimemwagikiwa chai na mtu. Nshakisoma mara nne na juzi kwa feri nimekianza tena. Mke wangu aniambia mtu mzima mzima wasoma habari za minyoo mikubwa na sayari ambazo hazipo, si usome kitu cha faida. Kweli mwisho naujua, najua nani atakufa na nani atamsaliti nani, lakini raha haiishi. Hii ni kawaida ama n'na shida?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huna shida yoyote. Kwanza huyo msaliti, mwandishi mwenyewe amtaja mapema kabisa, kabla hata kina Paul, yule kijana shujaa wa kitabu, hawajafika jangwani, sasa wewe wamuona daktari Yueh aingia chumbani na dawa zake na roho yakuenda mbio ingawa wajua, alafu kusoma mara ya tano yazidi ile ya kwanza manake sasa wamuonea na huruma.

Na mkeo mwambie hivi, kile kitabu hakikuanza na minyoo. Herbert alienda Oregon kule Marekani kuandika habari za mchanga uliokuwa wafunika barabara na watu wapanda nyasi kuuzuia. Wachapishaji karibu 20 wakakikataa, mwisho mwaka 1965 kikatolewa na kampuni iliyojulikana kwa vitabu vya kutengeneza magari, yaani mambo ya gereji!

Mimi kilichoninasa ni yale mate. Kule jangwani maji ni adimu, basi Stilgar, kiongozi wa wenyeji wa jangwa, atema mate juu ya meza mbele ya mtawala Leto, babake Paul, walinzi wataka kuruka, Duncan, askari wa Leto, awazuia, ashukuru kwa zawadi ya maji ya mwili wa mtu kisha naye atema. Nilivyokuwa msichana nilisema ebo, uchafu gani huu. Miaka ikapita, mifereji mtaani kwetu ikakauka wiki tatu, nikawa nangojea mkokoteni mlangoni kama mgeni wa heshima, mtungi wa lita 20 naupimia kikombe kikombe, maji ya kuoshea vyombo nayaweka ya choo, na siku moja nikiwa nimeinama kwa beseni nikamkumbuka Stilgar nikacheka peke yangu. Kitabu nilikuwa sijakigusa miaka kumi.

Alafu maneno yake ya Kiarabu jamani. Mahdi, jihadi, Lisan al-Gaib, Mmarekani amewekewa kamusi nyuma, sisi tuliopita chuo cha Kurani twasoma tu. (Vile vitabu vyake vilivyofuata Dune mie vilinichosha, usinilazimishe.)

Siku maji yakikatika msomee mkeo ukurasa wa mate, usimwambie watoka wapi. Na ukifika zile kurasa za chai niandikie kama kamusi bado yasomeka, manake yangu ilinyofoka na kava la nyuma.