Swali la lugha: maji yamepoteza kasi, au shinikizo?

Fundi wa mabomba wa Malindi anauliza: nyumba ikiwa mbali na tangi, wenyeji husema maji "yamepoteza kasi" njiani, ilhali kitabu chake cha mafunzo husema "upotevu wa nishati". Lipi sahihi, na je, nishati hupotea?

Ndugu fundi, tuanze na hiyo kasi, kwa sababu ndipo kosa lilipo. Katika bomba la upana mmoja, lililojaa na lisilovuja, maji hayawezi kwenda mbio mwanzoni na kujikokota mwishoni: lita zinazoingia kwa dakika ndizo zinazotoka. Kinachopungua njiani ni shinikizo, ambalo mafundi mnaliita presha, wala sioni ubaya wa jina hilo. Iweke geji, yaani kipimo cha presha chenye mshale, karibu na mfereji uone. Mfereji ukiwa umefungwa, maji yamesimama na hayasuguani na chochote, kwa hiyo mshale hukaa juu, kila mita 10 za kimo cha tangi zikitoa shinikizo la kilopaskali 98 hivi. Ukiufungua, mshale hushuka. Kasi itajwe tu mtu anapolinganisha mfereji wake na wa jirani aliye karibu na tangi.

Kuhusu "kupotea", wapo wanaolipinga neno hili wakisema nishati haipotei, hugeuka. Ni kweli kwamba msuguano huigeuza joto, tena dogo mno hata mkono hauhisi. Lakini Kiswahili hakisemi kwamba kilichopotea kimekwisha: mtoto aliyepotea sokoni yu hai, ameachana na njia tu, na nishati hii nayo imeiacha kazi ya kusukuma maji. Naliona neno limekaa pake kabisa. Nasihi tu lisikatwe likabaki "upotevu" peke yake, maana "upotevu wa maji" ni yale yanayovuja, na bomba lisilodondosha hata tone bado nishati hupotea ndani yake.

"Maji hayana nguvu" yatosha barazani. Katika ripoti, nguvu huchanganya shinikizo, kani (msukumo au mvuto) na nishati.

Kwa mwenye nyumba ungeandika hivi: "Maji yanapoteza shinikizo kwa msuguano ndani ya bomba jembamba. Kwa lita zile zile, upana wa ndani ukiongezwa maradufu, upotevu wa shinikizo utashuka hadi yapata sehemu moja ya 32."